Waipa Zilizogoma Kila Mvua Iliponyesha

Nimewahi kutengeneza gari ambalo waipa zake zilifanya kazi siku zote, isipokuwa siku ya mvua.

Usicheke. Mimi ni fundi umeme wa magari, na gari hilo nusura linifukuzishe kazi.

Lilikuwa la mama mmoja mkunga. Alipolileta mara ya kwanza, nilimwaga maji kwenye kioo kwa mpira, waipa zikafuta vizuri tu. Nikabadilisha fyuzi, ili asiondoke hivi hivi.

Baada ya wiki akarudi. Nikabadilisha mota.

Akarudi tena, safari hii bampa imebonyea.

"Nilikuwa na mjamzito siti ya nyuma, uchungu umemkaba," alisema. "Mvua ikashuka, waipa zikasimama katikati ya kioo. Nimeingia mtaroni, fundi. Bahati tu mama na mtoto wako salama."

Bosi alisikia kila neno.

"Likirudi mara ya nne," akaniambia, "wewe usirudi."

Nina watoto watatu. Nikamgeukia mkunga.

"Mama, kaa kwenye usukani. Fanya vilevile unavyofanya mvua ikinyesha."

Akafunga vioo. Akafunga mkanda. Akawasha taa, kisha waipa. Zikapanda nusu, zikasimama.

"Zima taa."

Zikaendelea kufuta.

Kumbe! Mvuani yeye huwasha taa. Mimi nilikuwa nazipima mchana kweupe, taa zimezimwa.

Nikafungua boneti, nikafuata nyaya. Ethi ya taa na ethi ya waipa, yaani nyaya za kurudisha umeme kwenye bodi, zilikuwa zimebanwa kwenye skrubu moja, juu ya rangi, kutu tupu. Taa zikiwaka, waipa zinakosa umeme wa kutosha.

Sasa, sisi mafundi tuna desturi yetu. Ukikuta kosa, kwanza unamtukana fundi aliyetangulia.

"Nani kafunga huu uchafu?" nikapaza sauti, gereji nzima isikie. "Huyu si fundi, ni muuaji! Mama, nionyeshe alipo, nimfuate hukohuko!"

Mkunga akanitazama kwa huruma.

"Ni wewe, mwanangu. Mwaka jana, uliponiwekea hizi taa kubwa."

Aliyekuwa anagonga chuma akaacha kugonga.

Ningeweza kukana. Mafundi tuko wengi, angeambiwa amesahau. Lakini nilimfikiria yule mjamzito wa siti ya nyuma, aibu ikanijaa mpaka masikioni.

"Ni kweli," nikasema. "Ni mimi. Nisamehe, mama."

Bosi akaja, akainama, akaikagua ile skrubu kwa muda mrefu.

"Miaka ishirini naendesha gereji," akasema. "Kila gari linaloingia limeharibiwa na fundi mwingine. Leo ndiyo nimemwona kwa macho."

Akanipa msasa. Nikakwangua rangi, kila ethi nikaipa skrubu yake.

Kazi bado ninayo. Jina nalo nimepata: gereji nzima inaniita Fundi Mwingine, na wanangu wameshalidaka.

Funzo langu ni hili. Ukipima gari la mtu, lipime anavyoliendesha yeye. Na ukitaka kumtukana fundi aliyetangulia, anza kwa sauti ya chini.