Blanketi la Pipa

Avis Pengilly alikuwa jikoni kwenye ukumbi wa kanisa, katika mji mdogo wa Moonta, akipaka jamu kwenye skonzi za kikao cha kina mama, jirani yao Kelvin Noack alipoingia kwa mlango wa nyuma bila kubisha. Kel hakuwa mtu wa kanisani. Alivua kofia akaishika tumboni kwa mikono miwili, na kabla hajafungua kinywa Avis alinusa harufu iliyotoka kwenye shati lake, harufu tamu na nzito ya kimea kilichopashwa moto.

"Shemeji," alisema. "Lance ametutoka."

Ametutoka. Hata wakati ule, kisu cha jamu kikiwa bado mkononi, neno lile lilimchoma. Ametutoka sisi kina nani?

Walikwenda hospitali ya Wallaroo kwa pikapu ya Kel. Njiani alimweleza ilivyokuwa. Walikuwa bandani kwa Lance wakipika bia, kama Jumamosi zote. Walikuwa wamemimina kopo la kimea kwenye pipa, wakakoroga sukari na maji, wakanyunyiza hamira na kukaza kifuniko. Lance akasema ngoja niketi kidogo. Akaketi juu ya kreti. Gari la wagonjwa lilikuja upesi, lakini lilimkuta ameshakwenda.

"Alisema nini?" Avis aliuliza.

Kel alikazia macho barabara.

"Kel, nakuuliza. Neno lake la mwisho lilikuwa nini?"

"Alisema... alisema nikwambie kwamba anakupenda sana."

Avis aligeuzia uso dirishani, kwenye mashamba ya shayiri changa. Kel alidhani analia. Hakuwa analia. Tangu waoane, Lance hakuwahi kulitamka neno hilo. Mapenzi yake yalikuwa mikononi. Alitengeneza bomba kabla halijavuja vizuri, aliwasha gari lipate moto asubuhi za baridi, alimenya machungwa akamwachia kwenye kisahani karibu na Biblia yake. Avis aliridhika, kwa sababu aliamini neno lenyewe halimo ndani ya mtu yule, kama vile wengine hawana sauti ya kuimba. Kumbe lilikuwamo. Na siku lilipotoka, alipewa Kel Noack.

Lance alikuwa mtoto wa Moonta hasa. Babu zake walitoka Cornwall kuchimba shaba, wakaja na Biblia zao na mapishi yao ya pasti, vile vitumbua vya unga vyenye nyama na viazi ndani. Baba yake alikuwa mhubiri wa Kimethodisti, mtu aliyeweza kunusa pombe kutoka mimbarani, na watoto wote wa shule ya Jumapili walitia sahihi ahadi ya kutokunywa maisha yao yote. Avis alitia yake kwenye benchi moja na Lance, na hakuivunja. Lance aliivunja ukubwani, alipokuwa akifanya kazi kwenye maghala ya nafaka bandarini Wallaroo. Alisema amepakia shayiri melini miaka mingi mno asijue inakwenda kufanya kazi gani.

Avis hakugombana naye. Aliweka sharti moja tu: lisiingie tone nyumbani. Basi Lance akajenga banda nyuma, karibu na ua wa Kel, akaanza kupika bia nyeusi, ile stauti nzito inayoacha rangi kwenye bilauri. Alikunywa bilauri moja Jumamosi, nyingine zote aligawa. Asubuhi ya Jumapili alikuwa kanisani, kiti chake kilekile, akichukua kikombe cha maji ya zabibu kama mtu asiye na siri, kwa kuwa kweli hakuwa nayo.

Kazi ya kujaza chupa hutaka watu wawili. Mmoja hujaza kwenye bomba la pipa, mwingine hutia sukari kwa kijiko na kugonga vizibo. Lance hakumwomba Avis hata mara moja, na Avis aliona ni heshima kwa ahadi yake. Lakini Jumamosi alipokuwa akianika nguo alisikia kicheko kikitoka bandani. Mume wake, ambaye mezani alisema "asante" na "mvua inakuja", alikuwa akicheka mle ndani mpaka akakohoa. Avis alibaki ameshika pini za nguo. Saa ya chai ikifika alipaza sauti kumwita, na mara nyingine alipaza kabla saa haijafika.

Kwenye mazishi kanisa lilijaa. Mchungaji aliuliza nani atasema machache, na Kel akasimama na suti iliyombana makwapani. Akasimulia jinsi Lance alivyomwiga meneja wa ghala akipanda ngazi. Akasimulia jinsi alivyomwiga mzee wake mwenyewe akihubiri juu ya dhambi ya kucheza karata. Watu walicheka huku wakifuta machozi. Hata mchungaji alicheka.

"Mama, hukuwahi kuniambia baba anaiga watu," Rowena alimnong'oneza. Ndiye mtoto wao wa pekee, alikuja kutoka Adelaide.

"Hukuwahi kuuliza," Avis alijibu.

Yeye pia alikuwa akisikia kwa mara ya kwanza, tena mbele ya kanisa zima, kutoka mdomoni mwa jirani. Alimwomba Mungu amwondolee uchungu ule. Akainama, akafumba macho, na alichokiona gizani kilikuwa ile suti ya Kel.

Mwili ulichomwa, majivu wakapewa kwenye kisanduku cha mbao. Rowena aliporudi kwake, Avis alichukua ufunguo akaenda bandani. Alikuta viti viwili vya kukunja vikitazamana, redio ndogo, chupa tupu zilizooshwa zimepangwa shingo chini. Na kwenye kona, pipa. Kidude cha maji juu ya kifuniko, cha kupitishia hewa ya bia inayochacha, kilikuwa kikitoa mapovu, blupu, kimya kidogo, blupu, kana kwamba mwenyewe ametoka kwenda dukani tu. Na lile pipa lilikuwa limefungwa blanketi.

Lilikuwa blanketi la sufu la rangi ya samli, lenye mistari ya buluu. Mama yake Avis aliwapa siku ya harusi. Lance alimwambia amelipeleka kwenye duka la msaada la kanisa, kwa sababu nondo walikuwa wamelitoboa.

Avis alilifungua fundo la blanketi. "Nilikuwa nikilala na shuka," aliliambia pipa, "wewe unafunikwa." Akalichukua, akalifua kwa mkono, akalianika, akalitandika kitandani upande wa Lance.

Kel alimwona akianua nguo nyingine na akasogea uani.

"Shemeji, habari za leo? Ile bia ya marehemu iko karibu. Nikija Jumamosi tujaze..."

"Hiyo bia ina mwenyewe."

"Ndiyo, lakini..."

"Mwenyewe ni mume wangu, na mimi ndiye mke wake. Au kuna mwingine?"

Kel alijikuna shingo. "Hakuna mwingine, shemeji. Wewe pima tu kwanza kwa kile kipimo cha kioo kinachoonyesha sukari iliyobaki. Leo na kesho. Kikisimama palepale, ndipo ujaze. Usiamini mapovu, mapovu ni waongo."

"Asante, Kel. Nguo zangu zinalowa umande."

Mapovu yalikoma baada ya siku chache. Avis hakupima kitu. Alisali, akamwambia Mungu kwamba hanywi, anamalizia tu kazi ya marehemu, kisha akavaa aproni ya Lance, ambayo ilimfika miguuni. Alijaza peke yake. Alifungua bomba, akafunga, akainuka, akatia sukari, akagonga kizibo, akarudi chini. Bia ilimwagikia viatu. Mgongo uliuma. Lakini kila chupa aliyoifunga aliiona kama neno moja alilolipokonya mkononi mwa Kel. Na ili Kel asije akazitazama hata kwa dirisha la banda, alizihamishia nyumbani, kwenye kabati la ushoroba, chini ya mataulo. Sharti lake mwenyewe alilivunja mwenyewe.

Baridi ikapita. Siku ya kwanza ya upepo wa kaskazini, ule unaotoka jangwani ukiwa na joto la tanuri, kina mama wa maombi walikuwa sebuleni kwa Avis. Mrs Trezise alikuwa akimwombea mjukuu wake mtihani. Mlio wa kwanza ulikuwa kama mlango uliopigwa kwa hasira. Wa pili ulivunja maombi. Wa tatu na wa nne ilikuja pamoja, kisha ukapita chini ya mlango mto mweusi wenye povu, ukaingia kwenye zulia na kuelekea kwenye viatu vya Mrs Trezise.

"Avis, mpenzi," alisema yule mama polepole akiinua miguu, "hiyo ni sosi?"

"Hapana, Enid. Ni pombe."

Kel aliruka ua. Aliingia amevaa kofia ya pikipiki na koti la baridi, glavu za bustani mikononi.

"Kina mama, tokeni kwa mlango wa mbele, taratibu. Msikimbie. Shemeji, niletee blanketi zito, lolote. Hizi chupa hazishikwi hivihivi."

Avis alikwenda chumbani akarudi nalo. Kel alinyoosha mkono, akalitazama, mkono ukabaki hewani.

"Hili ulilitoa lini?"

"Lilikuwa langu."

"Sikusema si lako. Nauliza lini."

"Baada ya mazishi."

Kel alivua kofia. Kabatini chupa nyingine ikapasuka, wala hakugeuka.

"Basi ndiyo maana," alisema. "Ilipata baridi, shemeji. Hamira ililala. Hukuziba bia iliyokwisha, uliziba iliyolala, na leo joto limeiamsha." Akapapasa ule mstari wa buluu. "Na alisema. Alisema, mimi nikanyamaza."

"Nani alisema?"

"Lance. Pale kwenye kreti." Sauti yake ilishuka. "Alisema, 'Kel, angalia blanketi lisiteleze.' Ndiyo hayo tu. Hakuna mengine."

"Uliniambia alisema ananipenda."

"Ningekwambiaje? Nije kanisani nikwambie mumeo amekufa akitaja blanketi? Nilitafuta neno la maana. La maana mimi ninalojua ni hilo moja."

Avis aliketi kwenye kiti cha simu, soksi zikilowa stauti. Tangu siku ile ya jamu hakuwahi kusikia jambo lililomfanana Lance kama hili. Angalia blanketi lisiteleze. Aliisikia sauti yenyewe. Hilo Lance alikuwa amemwambia yeye mwenyewe mara nyingi, baridi ilipozidi, akilivuta mpaka begani mwake kabla ya kuzima taa.

"Unajua nilivyokuchukia?" alisema.

"Najua. Ua wenyewe si mrefu." Kel aliketi sakafuni, nje ya njia ya vioo. "Na mimi nilikuonea wivu, ukitaka kujua. Nilipewa Jumamosi, tena nusu. Hadithi ikinoga, unaita chai, na jamaa anaweka bilauri chini anaondoka. Neno likiwa katikati. Kuna moja mpaka leo sijui mwisho wake. Ile ya siku ya harusi yenu, gari lilipokwama mchangani, Moonta Bay, maji yanajaa, wewe umevaa gauni lako. Akasema, 'Basi nikamwambia Avis...' ukaita."

"Hiyo ni yangu," Avis alisema.

"Haya," Kel alisema, akavaa kofia yake tena. Akalitupia kabati lile blanketi, akaanza kutoa chupa moja moja chini yake. Zilizopona zilikuwa chache sana, akazipeleka kwenye friji lake zipoe.

Majivu yalizikwa mwezi wa Novemba, kwenye makaburi ya Moonta, pembeni ya kaburi la mhubiri. Rowena alikuwapo, na mchungaji, na Kel, ambaye ndiye aliyechimba. Avis alikuja amepakata kisanduku, kimefungwa kwenye blanketi lililofuliwa mara nyingi lakini bado lilinukia kimea. Alikitoa, akalikunja blanketi, akampa Kel.

"Shika. Likitoka hapa linarudi bandani, kwenye pipa."

Mchungaji alisoma, akaomba. Avis alipiga magoti akakishusha kisanduku kwa mikono yake. Kel alipapasa mfuko wa koti, shingo ya chupa ikatokeza.

"Shemeji, nimmwagie kidogo?"

Avis alitupia jicho jiwe la baba mkwe. "Na mzee wake yuko hapo hapo?"

Kel akairudisha mfukoni.

Walipoanza kufukia, Avis aliushika mpini wa koleo ili Kel asimame kidogo.

"Aliniambia nishike usukani, yeye atasukuma," alisema. "Nikaweka gia ya kurudi nyuma. Akaangukia kwenye mwani, suti ya harusi na yote. Alipoinuka alikuwa na mwani mpaka masikioni, na alicheka, Kel. Alicheka mpaka akakohoa. Ndivyo ilivyoisha."

Kel alitikisa kichwa. Rowena alikuwa akilia na kucheka. Avis akaliachia koleo, Kel akamalizia udongo, akausawazisha kwa mgongo wa koleo. Wakasali Sala ya Bwana wote wanne, Kel akifuata maneno kwa kuchelewa. Kisha wakarudi kwenye magari, kwa kuwa pasti zilikuwa tanurini.