Lapana na Kisiwa cha Tisa

Lapana ndiye dereva wa gari la zimamoto la uwanja wetu wa ndege hapa Funafuti. Moto hajawahi kuuzima hata mmoja. Kazi yake ni kupiga king'ora ndege ikikaribia, kisha kuwafukuza nguruwe, wacheza voliboli na wale waliojilaza kwenye lami kupunga upepo. Tutajilaza wapi kwingine? Nchi yetu ya visiwa ni nyembamba hivi kwamba ukirusha jiwe kwa hasira linaangukia bahari ya upande wa pili. Zamani alikuwa baharia wa meli za mizigo, akarudi na goti bovu na mdomo usiojua kupumzika.

Lakini ukitaka kumjua Lapana, mtazame kwenye fatele, ngoma yetu ya kushindana pande mbili. Wanaume wanalizunguka sanduku kubwa la mbao na kulipiga kwa viganja, wanawake wanacheza nyuma yao. Wimbo unaanza polepole, unarudiwa, unaongezwa kasi, unarudiwa tena mpaka paa linatetemeka, kisha unakatika ghafla. Baada ya hapo ni mwiko kuligusa sanduku. Upande wa pili unajibu. Sisi wa mtaa wa Senala tulikuwa tumewabwaga wenzetu wa mtaa wa Alapi miaka nenda miaka rudi, na Lapana ndiye mtunzi wao. Sikukuu hii ya uhuru alikuwa ameapa mbele ya watu: akishindwa tena, sanduku anamwachia mwingine.

Na wimbo wake, nasema kwa uchungu, ulikuwa mtamu! Aliwaimba jodari wanaotulipia shule bila kujua, na meli za kigeni zinazopigana vikumbo kununua vibali vya kuwavua. Aliwaimba wabunge wetu wasio na vyama, wanaogombana asubuhi, na jioni wakala sahani moja kwa sababu wote ni binamu. Waziri mmoja aliyekaa upande wetu alicheka mpaka akafuta machozi. Nilimkanyaga mguu.

Basi Lapana akanogewa. Tulipokuwa tukicheza sisi, aliwafundisha wenzake ubeti mpya wa kutumalizia: visiwa vyote, kuanzia Nanumea hadi Nukulaelae, vinane, kama jina la nchi lisemavyo, Wanane Waliosimama Pamoja. Zamu yao ilipofika, mkewe Sepola, mchezaji wa mbele, akaketi kitako.

"Simama, mama Teofilo! Zamu yetu!"

"Umetaja vingapi?"

"Vinane. Si ndiyo nchi?"

"Na mimi nilizaliwa wapi? Mgongoni mwa nyangumi?"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Sepola ni mzaliwa wa Niulakita, kisiwa cha tisa, kidogo mno, ambacho zamani hakikuwa na wakazi. Ndiyo maana hesabu ikaishia nane.

"Jamani, mke wangu, jina haliingii! Mdundo umejaa!"

"Basi cheza wewe, na hilo goti lako."

"Piga king'ora, Lapana!" nikapaza sauti. "Labda atasimama!"

Wakaanza bila yeye. Safu ya wanawake ikayumba, huyu kushoto, yule kulia, nasi tukashangilia kwa furaha isiyo na aibu. Lapana alitoka jasho, macho kwa mkewe, viganja vikienda mbio, Vaitupu, Nukufetau, Funafuti, Nukulaelae! Wimbo ukakatika. Tukainuka kuchukua ushindi wetu.

Pu!

Kiganja kimoja, kwenye sanduku lililokwisha kunyamaza. Wazee waligeuka kwa mshangao. Lapana alikuwa amesimama licha ya goti lake bovu, shingo imemtoka mishipa, akalipiga tena na kuita peke yake: "Niulakita!"

Sepola akainuka. Alicheza jina hilo moja tu, mikono imefunguka, uso unang'aa, Lapana akiita na yeye akijibu kwa mwili, kasi juu ya kasi, mpaka Alapi wote wakaitikia na mbao za sakafu zikaruka chini ya miguu yangu. Nilikuwa nataka kucheza, Mungu wangu, nilitaka kucheza nao!

Wakanyamaza. Zamu yetu. Mpigaji wetu akainua viganja, akavishusha polepole, akatutazama. Wimbo wetu wa kumalizia, tulioufanyia mazoezi mwezi mzima, ulikuwa unasifu visiwa vinane. Mbele yetu Sepola alisimama akihema, mikono kiunoni, akitungoja tuuimbe, nasi tukaanza kuketi, mmoja baada ya mwingine.