Kipimo Ndani ya Chungu

Asubuhi ile nyumbani kwetu Kitandililo tulikuwa wanne: mimi, mdogo wangu wa kiume mwenye kisukari, mdogo wetu wa mwisho aliyekuwa akipuliza moto, na bibi jirani, aliyeingia baadaye kuomba kaa la moto. Wazazi wetu walishafariki. Mimi ndiye mkubwa, niliacha shule darasa la sita ili wenzangu wasome.

Kliniki walituambia insulini ikae mahali pa baridi. Friji hatuna, kwa hiyo niliiweka kwenye chungu chenye mchanga mbichi, na mashine ya kupimia sukari nikaiweka humo humo. Niliona vitu vya mgonjwa vikae pamoja. Ilikuwa Julai, na Julai ya kwetu majani hupambazuka meupe kwa umande ulioganda.

Mdogo wangu alikuwa amelegea, jasho linamtoka katika baridi ile. Nikamtoboa kidole, nikaweka tone la damu kwenye stripu, kile kijikaratasi cha kupimia. Mashine haikutoa namba, ilitoa picha ya kipimajoto. Nikachomeka stripu nyingine, picha ileile. Nilirudia mpaka kopo la stripu likaisha. Kipimajoto ninachokijua mimi ni cha homa, basi nikaamua ana homa. Nikampa dawa ya homa, kisha nikaanza kuvuta insulini yake kwenye sindano kama kila asubuhi.

Bibi akaingia na salamu yake ya kamwene, nikamwitikia bila kugeuka. Naye ana kisukari, na mashine kama yetu huiweka kifuani, chini ya sweta, pamoja na ugoro. Akaitazama picha, akamtazama mgonjwa.

"Weka sindano chini, mama. Hako kamashine kako kameganda kuliko wewe."

Akatoa yake, yenye joto la mwili wake, akampima. Sukari ilikuwa imeshuka mno. Sindano ile ingeishusha zaidi na kummaliza, na ningempiga mimi, kwa mkono wangu. Tulimnywesha chai yenye sukari nyingi, bibi akampima tena na tena, mara nne kwa jumla, mpaka namba ikapanda. Akatuachia stripu nne nyingine.

Mwezi huohuo, kliniki ya Njombe, alikuja kijana kutoka kwa watu wanaobuni mashine hizo. Alikuwa na mifano mitatu ya plastiki, akitaka tumwambie ipi inashikika vizuri na rangi ipi inapendeza. Nikamsimulia habari ya picha. Alinisikiliza kwa adabu, akasema alama ile maana yake mashine imepata baridi kupita kiasi, maelezo yamo kwenye kitabu cha mashine, na kwamba inafanya kazi vizuri kwenye joto la kawaida la chumba.

"La kawaida la wapi?" nikamuuliza.

Akina mama kwenye benchi walicheka. Kitabu chenyewe ni cha Kiingereza. Kijana akaandika kitu, sijui nini, kisha akaniuliza tena: bluu au kijani? Nikamjibu bluu, maana gari la kurudi Makambako lilikuwa linajaza abiria.

Siku hizi mashine inalala kwenye soksi, kiunoni mwangu. Picha ya kipimajoto hawajaibadilisha. Kliniki wanatupa stripu chache, za kuhesabu, na bibi, baada ya siku ile, alikaa muda mrefu bila kujipima, akikisia sukari yake kwa kiu. Hajawahi kunidai. Nimemrudishia stripu mbili. Bado sita.