Darasa Kwenye Dirisha la Posta

Juzi, kwenye posta ndogo nje ya Kakamega, mama mmoja anayesomea ualimu kwa barua alidai kijitabu chake cha masomo. Mtihani ulikuwa Jumatatu. Karani akakitoa chini ya meza, bahasha imeshapasuliwa.

“Pole, mwalimu. Mimi nasomanga kwanza. Hiki cha saikolojia ya mtoto kimenishinda, ndiyo maana kimekaa wiki mbili.”

Mama hakufoka. Aliweka kiwiko dirishani. “Basi nifundishe, kijana. Anza ukurasa wa kwanza.”

Karani akafundisha huku jasho likimtoka, nasi wa kwenye foleni tukasogea kusikiliza.

Mimi bingwa, niliyeitoroka shule kidato cha pili bila kujuta, nilifuata stempu tu. Nikajikuta nimeinua mkono niulize swali.