Bi Rudia na Pipa la Sodiamu

Mkwe wangu, mke wa mwanangu, kazini wanamwita Bi Rudia. Walianza kwa kumcheka, maana kipimo kikitoka kizuri wenzake hupiga makofi, yeye husema rudia. Sasa jina limemganda, na mimi nasema ni zuri kuliko alilopewa na babake.

Kazi yake nitaieleza ninavyoijua, asiyeridhika akamuulize mwenyewe. Wana pipa ndani ya pipa, na katikati wamejaza sodiamu. Hiyo ni metali laini, unaikata kwa kisu cha mezani. Ukiipasha moto inayeyuka na kung'aa kama kioo, na ikiguswa na maji inalipuka, ndiyo maana karakana ile huingii hata na gilasi. Aproni zao za ngozi nazishona mimi, nikiwa nyuma ya kioo kinene, karibu na meza ya vipimo, kwa hiyo sisimuliwi na mtu.

Pipa la ndani huzungushwa mbio, la nje hujikokota. Basi sodiamu ya ndani inakimbia, ya nje inabaki nyuma, na katikati ni vurugu tupu, inajisokota na kuchanikachanika. Metali hiyo inapitisha umeme. Ukiipa chembe ya usumaku, mwendo unazivuta nyuzi zake, unazikunja, unazivuta tena, mpaka kwenye fujo yote ile inatokea sumaku moja kubwa iliyotulia, imeelekea upande mmoja. Wanasema hata dunia inapata sumaku yake kwa njia hiyo, kwenye chuma kilichoyeyuka huko chini. Nilimwambia mkwe wangu kwamba nyumbani kwangu fujo haijawahi kuzaa utaratibu. Akasema, "Inategemea nani anazungusha, mama."

Shida ni kwamba miaka yote waliyolizungusha pipa hilo sumaku haikutokea. Mkuu wa idara alikuwa analihitaji jengo lile kwa mambo mengine, akawaambia isipotokea wiki hii, pipa linafunguliwa, linakuwa chuma chakavu.

Basi ikatokea. Mshale wa kipimo ulipanda, ukakaa. Watu wakakumbatiana, mkuu wa idara akashuka kutoka ofisini kupeana mikono. Bi Rudia akasema rudia.

Akasimamisha mashine, akaacha usumaku ufe, akawasha upya, na safari hii akaichokoza sodiamu kwa chembe iliyoelekea upande wa pili. Sumaku iliyozaliwa na mwendo haina upande inaoupendelea. Ukiianzishia huku inakua huku, ukiianzishia kule inakua kule. Hii ilirudi upande uleule. Akajaribu tena, ikarudi palepale.

Akamgeukia mwanangu, ambaye ndiye fundi wao wa vyuma, aliyetengeneza mabapa yanayoikoroga ile sodiamu. Akamuuliza lile bapa moja lililokuwa limepinda alilinyoosha vipi. Kwa nyundo, akasema. Likiwa la moto? La baridi, maana mkewe alikuwa na haraka. Sasa chuma cha pua kisichoshika kutu, ndicho cha mabapa yale, hakivutwi na sumaku, ila ukikigonga kikiwa baridi, kinaanza kuvutwa. Popote pengine kwa kazi ile angesifiwa, bapa lilinyooka kama rula. Kwenye pipa lile tu ndiko nyundo inakuwa kosa.

Mwanangu akamsihi chinichini asubiri, aseme mkuu akishaondoka. Hakusubiri.

"Mzee, usitupongeze bado," alisema mbele ya wote. "Bapa moja lina usumaku wake. Sijui tulichoona ni cha mwendo au ni cha nyundo."

"Unajua unachojifanyia, binti?"

"Najua. Naomba kesho."

Akapewa hiyo kesho, na uso uliokunjwa juu yake. Mwanangu alinuna njia nzima. Nikamwambia kama alitaka mke wa kufunikafunika mambo, angeniambia mapema nimtafutie, wamejaa tele.

Asubuhi mwanangu alikata bapa jipya polepole, bila kuligonga hata kidogo, mkewe akipitisha dira ndogo juu yake, ncha hadi ncha. Wakalifunga, wakajaza, wakawasha. Mshale ukapanda, lakini haukufika pa jana. Mkuu akaguna. Bi Rudia akauacha ufe, akaanzisha kutoka upande wa pili. Mshale ulikaa kwenye sifuri mpaka nikavunja sindano mkononi. Halafu ukaanza kushuka, ukapita chini ya sifuri, ukaendelea, ukatulia huko.

Hakuna aliyepiga makofi. Walikuwa wanamtazama yeye. Akasema rudia. Ukaja huku, ukaja kule, kila alikouanzishia. Mwishowe mkuu wa idara akavua miwani, akaomba aanzishe mara moja kwa mkono wake mwenyewe, na upande achague yeye. Ukaenda alikochagua. Akasema pipa libaki.

Ndipo mkwe wangu akaketi juu ya ndoo iliyofudikizwa, akamnyooshea mumewe miguu amvue buti, maana tangu asubuhi alikuwa hajakaa. Na yule aliyenuna jana alipiga magoti mbele ya watu wote, akaanza kufungua kamba.