Miezi Saba Bila Hedhi

Machinjioni walimwita Wembe. Ng'ombe akishatundikwa kichwa chini kwenye kulabu, mchunaji mzuri humvua ngozi kwa robo saa. Yeye alitumia dakika kumi, na ngozi ikatoka nzima bila tundu. Jina lilimganda hadi msimamizi akawa analiandika hivyo hivyo kwenye orodha ya zamu. Katika wachunaji kumi na mmoja, mwanamke alikuwa peke yake.

Alianza kazi kwa kuosha utumbo, kama wanawake wengine pale. Miaka tisa nyuma, mchunaji mmoja aliteleza akajikata kano za mkono, kisu kikaanguka. Wakati wenzake wanamburuta yule mtu kwenda nje, yeye, mwosha utumbo, aliokota kile kisu, akakipangusa kwenye aproni na kuimaliza ile ngozi. Damu ya mwenzake ilikuwa bado haijamwagiwa maji sakafuni. Msimamizi alimtazama weee, kisha akasema, "Kesho njoo upande huu."

Mume wake alikuwa fundi wa mitambo ya kutengeneza barabara, na mkataba wa mwisho ulikuwa umemchukua mbali kwa miezi kumi na moja bila kurudi. Nyumbani, vyumba viwili na ukumbi mdogo, Wembe aliishi na mama mkwe wake na binti yake wa miaka minane. Shemeji, mdogo wa mume, alikuwa mchomeleaji wa mageti na alikaa nyumba ya tatu kutoka pale. Hakuna aliyempa kazi ya ulinzi, lakini aliifanya. Alijua Wembe ametoka saa ngapi, amerudi saa ngapi, na amesimama na nani njiani.

Siku moja asubuhi, Wembe akiwa ameinama anachuna paja, mwenzake mmoja aitwaye Kifua alisukuma mzoga mwingine kwenye reli ya juu na kupiga ukelele wa kawaida: "Pisha!" Wote walipisha. Wembe hakupisha. Nusu ng'ombe nzima ilimpiga begani, ikamtupa ukutani, kisu chake kikamchana paja juu ya gambuti. Ilikuwa mara ya tatu wiki ile.

"Dada Wembe," Kifua alisema, "siku hizi unalala umesimama? Au ndiyo usingizi wa mama kijacho?"

Wanaume walicheka. Alikuwa amenenepa kidogo usoni, kweli, na mara mbili walimwona akitapika kwenye mfereji.

"Mimba ya nani?" Wembe aliuliza. "Ya kulabu?"

"Ya kulabu au ya mkaguzi wa nyama, sisi tutajuaje?"

Alimshika Kifua kwa kamba ya aproni, akamvuta, akampiga kichwa cha mdomo. Jino lilitoka. Kifua alimrudishia ngumi mbili za mbavu, wakaanguka wote kwenye damu na mavi ya ng'ombe, kila mmoja kisu mkononi na kila mmoja akikiinua kando asije akaua. Msimamizi aliwafungulia mpira wa maji kama anavyofanyiwa mbwa, mpaka wakaachana.

Kilichomuuma zaidi ni kwamba hata yeye hakuwa na jibu. Siku zake zilikuwa zimekatika miezi saba. Mwezi wa kwanza hakujali. Mwezi kuruka mara moja si jambo. Wa pili alidhani ni baridi ya sakafu ya machinjioni. Wa tatu alikwenda duka la dawa, akamnong'oneza muuzaji, akapewa vidonge vya "kusukuma". Vilimsukuma matapishi tu. Alikuwa na miaka thelathini na sita, akaanza kujiuliza kama ndiyo uzee umeshafika. Kisha kikaja kichwa, kikigonga nyuma ya macho kila siku. Halafu, siku moja anaoga, aliona tone jeupe kwenye ziwa. Alilibinya, likaja lingine. Binti yake alikuwa ameacha kunyonya miaka sita iliyopita. Tangu siku hiyo aliweka vitambaa ndani ya sidiria na hakumwambia mtu.

Jumapili mchana alikuwa anafua uani. Kitambaa kimoja kilihama bila yeye kujua. Mama mkwe alikuwa ameketi kizingitini anachambua mchele.

"Hicho nini kifuani?"

"Maji, mama."

Bibi aliinuka, akamsogelea, akagusa lile doa kwa kidole, akakisugua kidole kwa gumba. "Mimi nimenyonyesha watoto watano. Maji hayanati hivi."

Aliingia ndani, akachukua simu.

Shemeji alikuja na fulana ya kazini iliyojaa matundu ya cheche. Alifunga mlango wa ukumbi kwa komeo. Binti alikuwa pembeni anaandika kazi ya shule, akaambiwa aingie chumbani, akaganda pale pale.

"Maziwa bila mtoto," shemeji alisema. "Kaka yangu hayupo mwaka unakaribia. Mtoto umemtupa wapi?"

"Shemeji, sikuwa na mtoto. Sijui ni nini hiki."

"Hujui? Machinjioni mna shimo la kutupia uchafu. Umemtupa humo?"

Ngumi ilitoka kushoto. Wembe hakuiona kabisa. Ilimpata kwenye shavu, akaangukia meza, meza ikavunjika mguu, daftari la mtoto likaruka. Kabla hajainuka, teke la tumbo. Lingine la mgongo. Shemeji alivua mkanda, akaugeuza upande wa chuma cha kufungia, akamchapa nao kichwani, mabegani, kwenye mikono aliyojikingia. "Sema! Sema yuko wapi!" Mtoto alikuwa anapiga kelele mfululizo, bila kuvuta pumzi. Mama mkwe alisimama mlangoni, mikono kifuani.

Visu vyake vitatu vilikuwa juu ya kabati, vimeviringishwa kwenye turubai. Kutoka pale sakafuni aliviona. Baadaye alisema ndipo alipoogopa kweli, si mkanda, bali jinsi mkono wake ulivyokuwa unajua njia ya kwenda kule. Alijua kisu kile kinafanya nini kwa muda gani. Akageuza macho, akashika kigoda cha jikoni.

Kwa miaka tisa alikuwa amejifunza mfupa unakaa wapi na unakatikia wapi. Kigoda kilishuka kwenye mtulinga wa shemeji, mfupa wa chini ya shingo, na sauti yake ilisikika mpaka uani kama tawi kavu. Shemeji alipiga magoti. Wembe alipiga tena, kwenye goti, na angepiga mara ya tatu, lakini mama mkwe alimrukia mgongoni, akamng'ata sikio na kumtwanga kwa mwiko. Majirani walivunja komeo wakawakuta watatu wamekunjana sakafuni, damu imepaka ukuta, na hakuna aliyekuwa tayari kumwachia mwenzake.

Kituoni, askari wa zamu aliwatazama akashindwa kujua nani mlalamikaji. Akawaandikia wote fomu ya matibabu na kuwapeleka zahanati ya karibu wakisindikizwa na mgambo mmoja.

Daktari wa pale alikuwa mama mfupi, miguu imemvimba kwa kusimama. Shemeji, upande wa pili wa pazia, alikuwa anaguna na kupayuka: "Mpimeni mimba huyo! Mpimeni kwanza!"

"Nitampima," daktari alisema. "Wewe mtulinga umekatika vipande viwili. Nyamaza, nisije nikaufunga kinyume."

Alipima mkojo. Hakuna mimba. Alimkagua kila mahali, akaandika. Hakuna mimba iliyotoka karibuni wala dalili yake. Ndipo akavuta kiti.

"Siku zako uliziona lini mara ya mwisho?"

"Miezi saba."

"Sindano ya uzazi wa mpango?"

"Mume yuko mbali, nazuia nini?"

"Dawa za tumbo za muda mrefu? Za usingizi? Za akili?"

"Sinywi."

"Moyo kwenda mbio, mikono kutetemeka? Ndevu kuota kidevuni? Joto la ghafla?"

"Hapana. Kichwa tu. Hapa, nyuma ya macho."

"Na huyu aliyekupiga, alikuvizia kwa nyuma?"

"Hapana, alisimama hapa kando. Sikuona mkono ukija."

Daktari aliacha kuandika. Alisogeza kiti mpaka magoti yakagusana. "Nitazame puani. Usihamishe macho. Ukiona kidole kinachezacheza pembeni, sema." Akanyoosha mikono huku na huku. Wembe alisubiri. Alisubiri tena.

"Anza basi, daktari."

"Nimeanza kitambo."

Vidole vilikuja polepole kutoka pande zote mbili, na vilipokaribia usawa wa nyusi ndipo alipoviona. Akaikumbuka ile mizoga mitatu.

"Nisikilize," daktari alisema. "Hedhi ikikatika, watu wanajua jambo moja tu. Ni kweli mimba ndiyo ya kwanza kuangaliwa, na tumeiangalia. Lakini amri ya hedhi inatoka kichwani. Chini ya ubongo kuna tezi dogo, kama punje ya njegere, linaloiambia mifuko ya mayai ifanye nini. Mtu akikonda ghafla, akilemewa na mawazo au kazi ya kumzidi nguvu, amri hizo zinaweza kusimama. Tezi la shingoni likivurugika, hivyo hivyo. Wakati mwingine mifuko ya mayai yenyewe ndiyo inayosumbua, au inazeeka mapema. Ndiyo maana ikipita miezi mitatu mfululizo mtu aje apimwe, asinunue vya kusukuma."

"Na mimi?"

"Wewe nadhani tezi lenyewe limeota uvimbe. Unamwaga homoni ya mama anayenyonyesha. Mwili wako unaamini una mtoto kifuani, kwa hiyo unatoa maziwa na unazuia hedhi. Na uvimbe ukikua unabana mishipa ya macho inayopita juu yake."

"Ni saratani?"

"Karibu zote si saratani, na nyingi hunywea kwa vidonge. Lakini nataka picha ya kichwa na kipimo cha damu. Kesho, si wiki ijayo."

Nyuma ya pazia shemeji alipiga kelele: "Amekudanganya huyo!"

Wembe aliinuka. Alilivuta pazia, akamkuta amelazwa chali, akaweka gumba lake juu ya mfupa uliovunjika na kulikandamiza kwa uzito wote. "Hili," alisema, "ni la mtoto niliyemtupa." Ilibidi mgambo na muuguzi wamwondoe kwa nguvu, na yule mwanamume akazimia. Mgambo aliandika alichoona. Kilikuja kumgharimu Wembe.

Jioni ile mume alipiga simu; mdogo wake alikuwa ameshamwahi kwa maneno.

"Mdogo wangu yuko hospitali kwa ajili yako."

"Na mimi niko wapi?"

"Nasikia una maziwa."

"Ninayo. Daktari ameandika kwa nini."

"Madaktari huandika wanachoambiwa."

Aliirusha simu ukutani ikapasuka, na kwa wiki mbili hawakuzungumza.

Picha ilionyesha uvimbe wa ukubwa wa zabibu. Daktari bingwa wa hospitali kuu aliwaelekezea kwa kalamu, kwani mama mkwe alikuwa amekuja, bila kualikwa, akimshika mjukuu mkono. Alisikiliza yote. Walipotoka, wakaketi kwenye benchi la korido.

"Mimi zangu zilikatika mwaka mzima," bibi alisema, akitazama mbele, "nilipofiwa na mtoto wangu wa pili. Baba yao akasema natembea nje. Pengo hili ni lake." Akafunua mdomo kidogo.

"Na bado ukamwita mwanao anipige."

"Nilimwita."

Hakuomba radhi, siku ile wala baadaye.

Vidonge vilikuwa vya kumeza mara mbili kwa wiki. Majuma ya mwanzo vilimlewesha. Alitembea akishika kuta. Msimamizi alimtoa kwenye reli akampeleka banda la kutia ngozi chumvi, na Wembe akalia kwa hasira, maana chumvi iliingia kwenye kila mchubuko na kazi yenyewe ilikuwa ya wazembe. Mwezi wa tatu maziwa yakakauka, kichwa kikatulia. Macho yalirudi, la kushoto si lote. Hakurudishwa kwenye visu.

Kesi iliamuliwa. Shemeji alipewa kifungo cha nje cha mwaka mmoja. Wembe naye alipewa miezi mitatu ya nje kwa ajili ya lile gumba, na hakubisha. Mume alirudi mkataba ulipokwisha, akasoma karatasi zote za hospitali akiwa amesimama, kidole chini ya kila mstari, kisha akasema yaishe, wakae kama zamani. Mdogo wake alikuwa bado anaingia na kutoka mle ndani. Wembe alifungasha, akamchukua binti yake, akapanga chumba kimoja nyuma ya machinjio. Mume huja Jumapili. Hukaa kwenye kiti, wala haendi kitandani.

Hedhi ilirudi mwezi wa tano, katikati ya rundo la ngozi mbichi. Alilihisi tumbo likikaza, akadhani amekula vibaya. Chooni, alipoona, alikaa chini kwenye saruji na kucheka mpaka mwosha utumbo mmoja akagonga mlango kuuliza kama ni mzima.

Yule mwosha utumbo, walipokuwa wananawa, alimwambia kwa sauti ya chini kwamba zake nazo hazijaonekana miezi minne, na kwamba alikuwa amenunua vya kusukuma. Wembe alimpora kile kifuko akakitupa mferejini, akamkamata mkono na kumkokota na aproni yake hadi zahanati, huku mwenzake akimpiga makofi ya mgongo amwachie. Mwenzake alikutwa na mimba. Alimtukana Wembe njia nzima ya kurudi.