Mgongo Kwenye Picha ya Pete

Usiponiamini sitakulaumu. Hata mimi, mtu niliyemaliza chuo na kuzoea kutafuta sababu ya kila kitu, nimebishana sana na kichwa changu. Lakini picha ninayo, na mama yangu ameiona.

Nilitaka kumvisha Atupele pete bila yeye kujua. Nilichagua kilima kimoja juu ya mashamba ya chai, kule Lufingo. Rafiki yangu Ambakisye, mpiga picha wa Tukuyu, alijificha na kamera nyuma ya migomba. Atupele alidhani tutapiga picha za kawaida tu kwa simu. Mimi nilishawaza kila baya: mvua, ukungu, pete kudondoka, yeye kukataa. Ambakisye alinicheka.

"Kaka, unaoa au unaenda kwenye usaili?"

Lililonisumbua zaidi sikumwambia. Baba yangu alifariki nikiwa bado tumboni, na hakuacha hata picha moja. Nani angeniambia, mwanangu, huyu anakufaa?

Nikiwa nasubiri, macho kwenye simu, nikasikia mtu pembeni akinisalimia kwa Kinyakyusa.

"Ugonile, mwanangu."

"Shikamoo mzee," nikajibu bila kuinua kichwa.

"Unamsubiri nani?"

"Mchumba wangu. Nataka kumvisha pete."

"Baba yako amemkubali?"

"Sina baba, mzee."

Akauliza taratibu, "Basi mimi nisimame wapi?"

"Popote mzee, ila usiingie kwenye picha."

Niamini, mpaka hapo nilichoona ni viatu vyake tu. Vilikuwa vikavu, na mvua ilikuwa imenyesha tangu asubuhi. Kwa nini sikushtuka? Ujumbe wa Atupele ulikuwa umeingia: nimefika.

Nikainua kichwa. Atupele alipotokeza tu kwenye njia, mzee alivuta kola ya koti usoni, akageuka, akatelemka upesi kwenye chai. Nikapiga goti. Atupele akalia, akacheka.

"Ndiyo bwana, inuka, suruali inaloa!"

Lakini tukiwa njiani kurudi alikuwa mnyonge. "Yule mzee mbona kanikimbia? Nina nini mimi?"

Ambakisye akashangaa. Aliapa hakumwona mzee yeyote.

Jioni tulimwonyesha mama picha, nyumbani Ibighi. Alikuwa akitabasamu, mara akasogeza uso karibu. Pembeni mwa picha moja, kwenye ukungu, palikuwa na mgongo wa mtu, bega la kushoto limeshuka kama langu. Mama akaweka kidole kwenye kiraka cha koti.

"Hiki nilishona mimi. Tulimzika baba yako na koti hili."

Kisha akamshika Atupele mkono. "Hakukukimbia, binti yangu. Kwa mila zetu za zamani, baba mkwe na mke wa mwanawe hawatazamani. Hata mimi nilikuwa naacha njia nikimwona mkwe wangu. Amekukubali."

Atupele alilia kwa furaha. Mimi nililia kwa jambo jingine. Aliyekatazwa kumtazama ni Atupele. Mimi sikukatazwa.

Sasa tumeoana, na picha ile iko ukutani. Nimeikuza kwenye simu mpaka ule mgongo ukawa vidoti vitupu, uso haupo. Nimerudi kilimani mara nyingi, nikauamkia ukungu. Hakuna anayeitikia.

Ndugu yangu, mtu mzima akikusalimia njiani, shusha simu, mtazame usoni, hata ukiwa na haraka. Mimi wangu aliniuliza asimame wapi, nikamwambia asiingie kwenye picha.